Ndege Iliyomalizwa

Kwa Dada Mkubwa,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu nimelelewa vizuri, na aliyenilea ni wewe, kwa hiyo ukiona huko mbele nimevuka mipaka, ujilaumu mwenyewe. Habari za huko? Binti yetu anaendeleaje na mapacha wake? Natumaini wananyonya vizuri, wanalia kwa zamu na si kwa pamoja, na goti lako limeelewana na ngazi za nyumba yao. Mimi ni mzima. Mzima wa kutosha kukasirika, na mzee wa umri wangu akiweza kukasirika tangu chai ya asubuhi mpaka jua linazama bila kupumzika, ujue moyo na mapafu yake havina hitilafu.

Nina habari kubwa. Mdogo wako nimetengeneza ndege ya jeti. Mimi, yule ambaye mwalimu wa hesabu aliapa kwamba hata kigoda sitaweza. Ndege ya kivita, ya kiti kimoja, nimeitengeneza peke yangu kwa mikono hii hii kuanzia pua mpaka mkia, na kila aliyeiona amesema hajapata kuona kitu kama kile.

Haya, nafuta. Kwako wewe sijawahi kuweza kudanganya zaidi ya aya moja. Ndege yenyewe ni ya plastiki, urefu wake kutoka kiwiko changu mpaka ncha ya kidole. Sikuitengeneza peke yangu. Kuanzia pua mpaka mkia nilikosea. Na aliyeimaliza si mimi, kaimaliza mwanao, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii, na ndiyo sababu unaona kalamu imetoboa karatasi hapa na pale.

Sasa kaa chini. Hao watoto mpe mama yao.

Unakumbuka siku ya kuondoka ulinishika mkono pale mlangoni, ukaniambia nihamie kwa mwanao nikae na Kapteni wako mpaka urudi. Ulisema nimkalie karibu, nimtanie kama zamani, hata kama hajibu. Nikahamia. Nilifunga kibanda changu cha mabango, wateja nikawaambia nimeitwa kazini jeshi la anga, na brashi zangu nikazibeba kwa mazoea tu, kama wazee wenzangu wanavyobeba fimbo.

Nilimtania, Dada. Nilimtania mpaka nikajichosha. Unajua mimi na mumeo hatujawahi kusalimiana kama watu wazima. Tangu alipokuja nyumbani na ile kofia yake nimekuwa namwita dereva wa basi la juu, na yeye ananiita Mpaka Chokaa kwa sababu ya brashi zangu, na tukaenda hivyo mpaka nywele zikatutoka. Sasa nikawa natupa maneno, hayarudi. Alikaa kwenye kiti cha dirishani, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja kuitwa jina katika ofisi ambayo imeshafungwa. Ukimlisha anakula. Ukimwinua anainuka. Daktari alimwambia mwanao kwamba maneno yamekwisha, tusiyangoje. Na mwanao, ambaye siku hizi namwita Meneja kwa sababu anasimamia hata jinsi ninavyokoroga chai, aliipokea habari hiyo kama anavyopokea mzigo: akaikagua, akaikubali, akaendelea na kazi.

Siku moja mkwe wako, mke wa Meneja, akaniomba nishushe masanduku yaliyokuwa juu ya kabati. Nyuma ya masanduku nikakuta boksi la kadibodi, pembe zimepondeka, limefungwa kwa uzi, juu yake picha ya jeti inapanda mawinguni. Boksi hilo unalijua. Kapteni alilinunua enzi hizo bado anarusha jeti za jeshi, na halikufunguliwa hata siku moja. Ndani vipande vilikuwa bado vimeshikamana na vijiti vyake, plastiki imegeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku, na karatasi ya maelekezo imeliwa na mende kuanzia hatua ya pili. Mende wa mwanao nao wana elimu.

Lilikuwa boksi baya, niseme ukweli. Walioichonga ndege ile walikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Kiwiliwili kimekuja nusu mbili, na ukizikutanisha zinaachana katikati kama ndoa za siku hizi. Kiti cha rubani kilikuwa kijibao kitupu, hata kinyozi asingethubutu kumkalisha mteja. Na mwili mzima ulijaa mistari iliyoinuka, mahali ambapo mabati ya ndege ya kweli yanaungana, imetuna kama mishipa ya mkono wangu. Nikasema hewala, nitaunganisha hivyo hivyo, angalau apate kitu cha kutazama zaidi ya lile dirisha.

Nikaweka meza mbele yake, nikakata vipande, nikavishikiza kwa utepe kwanza nione umbo lake. Kapteni alikuwa anatazama nje. Nikaisimamisha ndege juu ya meza, magurudumu matatu chini, nikarudi nyuma hatua moja ili nijisifu vizuri. Ikainua pua polepole, ikakaa kwa makalio. Nikaishusha. Ikakaa tena, mkia mezani na pua hewani, kama mbwa anayeomba mfupa.

Na nyuma yangu sauti ikasema uzito mbele, mjinga wewe, pua nyepesi inaua.

Dada, sikugeuka. Niliogopa nikigeuka nitakuta ni redio. Nikauliza huku natazama meza, uzito kiasi gani. Sauti ikanijibu nitie mpaka ikae, na nisimuulize yeye kila kitu, yeye si mama yangu. Ndipo nikageuka. Mumeo alikuwa amekunja uso kwa hasira, midomo inatetemeka, na tangu uondoke sijaona uso mzuri kama ule. Nikaenda kutoa vile vijirisasi vilivyoshonwa kwenye pindo la pazia la mkwe wako ili linyooke, nikavijaza puani, nikafunga. Ikakaa. Pazia la sebuleni sasa linapepea hovyo. Ukiulizwa, sema ni upepo.

Kesho yake nikaamka mapema kama bwana harusi. Nikamsifia Kapteni, nikamuuliza kwa adabu, nikamwonyesha kila nilichofunga sawasawa. Kimya. Nikaona labda ilikuwa bahati tu, imepita. Basi kwa kukata tamaa nikachukua bawa la kushoto nikaliweka kulia bila kutazama, akafoka. Akaniuliza kama na viatu navaa hivyo.

Hapo nikaelewa, mimi ambaye shule iliniacha kabla sijaiacha. Kitu kikiwa sahihi hakimhusu, kinapita mbele yake kama magari ya watu. Kitu kikiwa kibaya kinamkera, kama kokoto ndani ya kiatu, na akikereka anaamka, na akiamka anasema. Kwa hiyo nikafanya kazi ambayo Mungu aliniumbia. Nikaanza kukosea.

Niligeuza kiti cha rubani kikatazama mkia. Akaniuliza huyu anakwenda vitani au anakimbia vita. Nikapaka tumbo rangi nyekundu ya kung'aa. Akasema jeti si duka la soda, nirudi mtaani kwangu. Zile stika za namba, nilipozilowesha kwenye maji zilivunjikavunjika kama utando wa maziwa, basi nikaamua kuandika namba kwa brashi, nikaandika kwa makusudi namba ya nyumba ya kinyozi wangu. Akaitazama muda mrefu. Kisha akanitajia namba ya ndege yake, tarakimu moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayemtaja mtoto wake wa kwanza.

Na ile mistari iliyotuna, akapitisha kidole gumba juu ya bawa, akasema ndege yake haikuwa na mishipa. Maungio yake yalizama ndani, ukipitisha ukucha unanasa. Basi tukaisugua yote kwa msasa mpaka bawa likawa laini kama yai, kisha mimi nikachukua sindano niliyoifunga kwenye mpini wa brashi nikawa nachora mistari mipya ya kuzama, na yeye ananionyesha kwa kidole ipite wapi. Hiyo ndiyo kazi iliyomfungua kabisa. Nikipinda mstari anasema. Nikiunyoosha ananyamaza. Nikaupinda mara nyingi. Aliniambia kwamba chini ya kipande fulani karibu na mlango wa hewa, fundi wake alikuwa anaacha alama ya kidole chenye grisi kila asubuhi, na yeye alikuwa haipandi ndege mpaka ameigusa ile alama. Aliniambia kwamba akirudi kutoka juu alikuwa anapita chinichini juu ya paa lenu, makusudi, na nguo zote zinaanguka kutoka kwenye kamba, na mke wake aliapa kumngoja mlangoni na mwiko. Jina lako halikumjia, Dada, sitakudanganya. Lakini nguo alizitaja, moja moja, na rangi zake.

Utaniuliza kwa nini sikukupigia simu siku ile ile. Kwanza simu anaishika mwanao, anakupa salamu mbili, anakwambia hali nzuri, anakata. Pili nilitaka urudi uingie sebuleni, uweke begi chini, usikie mwenyewe mumeo akinitukana. Nilikuwa najitengenezea sifa. Haya, sifa nimezipata.

Jambo moja lazima ulijue kuhusu kazi ile. Sikutumia gundi kali. Nilitumia ya unga, ile ya kukoroga jikoni, kwa sababu ukiilowesha inaachia. Jioni tunakubaliana kwamba ndege sasa iko sawa. Asubuhi anaikuta ina kosa jipya. Na kila tulipoliondoa kosa, ndege ilikuwa inazidi kuwa nzuri kidogo: kiti nikakichonga upya kwa kadibodi, mikanda yake nikaikata kwenye karatasi ya fedha ya paketi ya majani ya chai, kile kioo cha rubani kilichojaa mikwaruzo nikakisugua kwa dawa ya meno mpaka ukaweza kusoma gazeti kupitia humo. Boksi baya lile lilikuwa linageuka ndege ya kweli, lakini polepole, na polepole ndiyo tuliyokuwa tunaitaka.

Sasa tuje kwa Meneja.

Alirudi kutoka kazini akakuta baba yake ananiambia mpumbavu, unataka kuniua. Hakuingia. Alinivuta kwenye korido akaniambia, kwa ile sauti yake ya mikutano, kwamba mjomba, daktari amesema mzee asikasirishwe. Nikamwambia mzee anasema. Akanijibu mzee anateseka, na mtu kulia kwa maumivu hakuitwi kusema. Nikamwambia akae mezani akosee na yeye kidogo, ataona. Akasema hana muda wa kukosea. Dada, hayo ni maneno ya mtoto wako, sijayaongeza chumvi, yenyewe yana chumvi ya kutosha.

Hata hivyo siku moja alikaa. Alivua koti, akalining'iniza, akakunja mikono ya shati sawasawa, akachukua mkia akauweka pale pale unapotakiwa. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akanitazama, akachukua gurudumu, akaliweka sawasawa pia. Yule mtoto hawezi kukosea hata kwa mzaha, sijui mlimlisha nini. Kisha akamwinamia Kapteni akamuuliza, Baba, unanijua mimi ni nani. Kapteni akatazama dirisha. Meneja akavaa koti lake, akatoka. Mimi nikaendelea kumdharau. Leo ningemwita arudi.

Wiki iliyofuata kinyozi alinisumbua kuhusu bango lake, nikaenda kulimaliza. Niliporudi nikakuta meza inang'aa. Hakuna kipande, hakuna kibano, hata msasa umetupwa. Meneja alikuwa ameibeba ndege na kila kilicho chake kuipeleka kwa mtaalamu, mtu anayefanya kazi hiyo kwa kuvaa glavu, ana mashine ya kupulizia rangi, na gundi yake haibandiki bali inayeyusha plastiki mpaka viwili vinakuwa kimoja. Akaniambia nisikasirike, ni zawadi ya siku ya kuzaliwa ya mzee, jamaa wote wataalikwa chakula cha mchana.

Waliletwa jamaa, wamevaa nguo za sherehe. Ndege ikatolewa kitambaa. Ilikuwa ndani ya sanduku la kioo lenye kufuli na taa ndogo, chini yake kibao cha shaba chenye jina la Kapteni. Na nisiwe mnafiki: ilikuwa nzuri. Mimi niliyekula kwa brashi maisha yangu yote sikuona brashi ilipopita. Mistari yetu ya kuzama mtaalamu alikuwa ameinyoosha yote. Kiti changu kilikuwemo, amekipaka vizuri kuliko mimi, na ndani yake amemkalisha rubani mdogo mwenye kofia ya chuma. Watu wakapiga makofi. Shangazi yake Meneja akafuta machozi, lakini huyo hufuta hata jirani akimenya kitunguu.

Kapteni aliletwa mbele ya kioo. Akainama. Dada, niliyaona macho yake yanaizunguka ile ndege kama mkono unaotafuta swichi gizani. Pua, hakuna kitu. Mabawa, hakuna. Magurudumu, hakuna. Akazunguka tena. Kisha akanyooka, akageuka, akatazama dirisha.

Meneja akawaambia wageni, mnaona mzee alivyotulia.

Ametulia kama redio iliyotolewa betri. Sikusema hivyo kwa sauti kwa sababu nilikuwa na chakula mdomoni, na hiyo ni mara ya mwisho nimekuwa na adabu katika nyumba ile. Tangu siku hiyo hakusema neno. Nilimwambia ndege yake ina magurudumu ya kigari cha mtoto, hakusema. Nikamwambia marubani wote ni waoga wanaopenda sare, hakusema. Nikamwomba Meneja ufunguo, akasema ufunguo unakaa naye. Nikamwambia amemziba baba yake mdomo kwa kioo na shaba. Nikamwita majina ambayo wewe ukiyasikia utanitia pilipili ulimini hata leo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba boksi lile lilikuwa lake. Baba yake alilinunua kwa ajili yake alipokuwa mdogo, akamwahidi wataliunganisha pamoja likizo ijayo, na likizo ijayo akamwahidi ijayo. Akasema alikuwa anapanda juu ya kiti kuangalia kama bado lipo. Akasema alitaka mara moja tu, kabla mzee hajaondoka kabisa, waione wote wawili imekwisha.

Nikamtukania viatu vyake.

Bado nina hasira naye, usidhani nimelegea. Lakini nimekuandikia hilo kwa sababu sijui kama amewahi kukuambia, na kwa sura aliyokuwa nayo, nadhani hajawahi.

Sasa kuna jambo ambalo yeye hajui, wala sikumwambia mtu. Ile siku ya mwisho kabla sijaenda kwa kinyozi, nilikuwa nimegeuza gurudumu la pua nyuma mbele. Kapteni akalitazama, na badala ya kufoka akacheka. Akaniambia, kwa upole kabisa, shemeji, hilo umelifanya makusudi. Nikaapa sivyo. Akasema yote nimeyafanya makusudi tangu lile bawa. Akaniambia kwamba akiamka asubuhi hajui nyumba hii ni ya nani, wala yule kijana mwenye koti ni nani ingawa anaona kabisa kwamba anapaswa kumjua, na aibu hiyo inamfunga mdomo. Lakini akilitazama gurudumu anajua limekaa vibaya. Basi anaanzia hapo. Akanishika mkono akaniambia nisiimalize.

Hayo ndiyo maneno yake, Dada. Usiimalize. Na mimi nikaenda kuandika bango la kinyozi.

Naendelea, kwa sababu bado hujasikia baya. Wiki iliyopita, Meneja akiwa kazini na mkwe wako sokoni, nilichukua bisibisi nikafungua bawaba za lile sanduku la kioo. Kufuli sikuligusa, ukiulizwa. Nikaichukua ndege nikaenda nayo bafuni, nikajifungia kwa maji ya moto na taulo. Nilitaka gurudumu moja tu litoke, nilirudishe kinyume. Nilisahau kwamba gundi ya mtu wa glavu si gundi ya unga. Gurudumu halikuachia. Nikazungusha kwa hasira, maana mikono yangu siku hizi ama inatetemeka ama ina hasira, na mwili ukapasuka. Haukupasuka kwenye maungio. Ulipasuka katikati ya bati, bawa likatoka na kipande cha ubavu, pua ikaenda upande wake na vijirisasi vya pazia vikamwagika sakafuni. Nikakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea na taulo mapajani. Mzee mzima.

Mlango nilidhani nimeufunga. Kapteni alikuwa amesimama pale, mguu mmoja una kandambili, mwingine hauna. Sijui alifuata nini. Akatazama taulo, akaangalia vile vipande, kimoja kimoja. Kisha akaniuliza kama rubani ametoka.

Rubani alikuwa bado yumo, Dada. Nilikuwa naiona kofia yake kupitia kile kioo nilichokisugua mimi. Nikafunika kwa kidole gumba, nikasema ametoka. Nikasema ametua shambani kwa mtu, hana jeraha, wamempa maji, anangoja gari. Akanitazama kwa muda, unajua anavyomtazama mtu anayemdanganya. Akaja akakaa juu ya kifuniko cha choo, akanipigapiga gotini kidogo, akasema basi. Akasema ndege ni mali ya serikali, watatupa nyingine.

Meneja alipoingia akatukuta hivyo, mashemeji wawili bafuni na mabaki ya ajali. Afadhali angepiga kelele. Aliokota vijirisasi kwanza, vyote, akavitia mfukoni. Kisha akaniambia nikusanye vitu vyangu. Tangu siku hiyo geti halifunguki kwangu, na mkwe wako ananipa habari za Kapteni kupitia tundu la ufunguo kama anagawa magendo. Hajasema tena. Anatazama geti badala ya dirisha, ndivyo anavyoniambia.

Kwa hiyo nakuandikia kutoka kibandani kwangu, katikati ya mabango ya watu. Nimemkasirikia daktari kwa kuzika maneno ambayo hayajafa. Nimemkasirikia mtu wa glavu kwa kujua kazi yake. Nimekukasirikia wewe kidogo kwa kuwa mbali. Kuhusu mimi mwenyewe nimeacha kuhesabu. Msamaha sijamwomba mwanao, na sina mpango huo wiki hii.

Wasalimie mapacha, uwabusu visogo, na umwambie mama yao mjomba wake bado ana meno yake, mengi ya yaliyobaki. Linda goti lako. Kisha, kabla hujaikunja barua hii, nina ombi dogo, na ni haki yangu. Unakumbuka dirisha la chumba cha Baba, lililovunjwa kwa kokoto na kijana mmoja mwenye kofia aliyekosea dirisha akidhani ni lako. Nani alijitwika kosa hilo. Nani alichapwa. Ulinipaka mafuta mgongoni ukaniahidi utanilipa siku nitakayodai, na mpaka leo sijadai.

Leo nadai. Katika mji huo mkubwa hapakosi duka la vitu vya zamani. Nitafutie boksi lile lile, la jeti ile ile. Watakuambia limetoka toleo jipya, vipande vinaingia vyenyewe kama mkono kwenye glavu. Likatae. Nataka la zamani, lenye mishipa. Ulitume kwa jina la mwanao, si kwa jina langu, na umwandikie kwa mkono wako kwamba ni lake, alifungue yeye, akae nalo mezani na baba yake. Mimi msinifungulie geti kama hamtaki. Ila ulichague kwa makini, Dada. Fungua mawili matatu pale pale dukani, uyalinganishe, na uchukue lililo baya kuliko yote, baya kiasi kwamba hata Meneja hataweza kuliunganisha bila kukosea.

Ni mimi mdogo wako,
Mpaka Chokaa